Mwili Unapoanza Kuyumba: Namna ya Kuendelea na Shughuli Zako Uzeeni

Kabla mtu hajaanguka hata mara moja, mwili wake huwa umeshaanza kutoa ishara. Mkono unatafuta ukuta kila anapopita mlangoni. Suruali anaivaa akiwa ameegemea kabati. Akiitwa kwa nyuma hageuzi shingo, anageuka mwili mzima, tena taratibu. Akishuka ngazi anakutanisha miguu yote miwili kwenye kipandio kimoja kabla ya kwenda kingine. Mwenyewe hasemi kitu, na pengine hajui kwamba ameanza kufanya hivyo. Wa nyumbani wanaona, wanasema ni uzee, basi.

Uzee umo, lakini hauko peke yake, na sehemu kubwa ya kinachopotea inaweza kurudishwa au kucheleweshwa kwa miaka. Mwongozo huu ni wa mtu aliyeanza kuyumba na ambaye bado anataka kuoga mwenyewe, kuvaa mwenyewe, kupanda ngazi na kubeba vitu vyake. Ni wa mwanawe pia, na mwenzi wake, na yeyote anayeishi naye.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: shughuli inayokutia wasiwasi usiiache, badilisha namna ya kuifanya. Anayeacha ngazi kwa hofu, baada ya miezi michache anakuwa hana tena miguu ya kupandia ngazi. Hofu inamkalisha, kukaa kunamdhoofisha, na udhaifu ndio unaomwangusha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kutokana na kuanguka, na waliopita miaka 60 ndio wanaoongoza. Jambo hili halistahili kuachwa lijiendee.

Kwanza, elewa kinachopungua

Mwili husimama wima kwa kutegemea habari kutoka sehemu tatu. Macho yanaonyesha ulipo na kilicho mbele yako. Sikio la ndani, lenye mirija mitatu ya majimaji na vifuko viwili vyenye chembe ndogo sana za chokaa, linatambua kichwa kikigeuka, kikiinama au kikisonga. Nyayo, vifundo vya miguu na magoti yanahisi ardhi ilivyo. Ubongo unazipokea habari zote hizo, unazilinganisha, na kuiamuru misuli ijirekebishe bila wewe kushirikishwa.

Miaka inagusa kila sehemu. Lenzi ya jicho inapata umanjano na mboni inakuwa ndogo, kiasi kwamba mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20 wakiwa chumba kimoja. Seli za sikio la ndani hupungua na hazioti upya. Hisia za nyayo hufifia, na kwa mwenye kisukari zinaweza kufa ganzi kabisa. Misuli nayo huanza kupungua tangu miaka ya thelathini, na inayotangulia kuondoka ni ile ya haraka, ambayo kazi yake ni kurusha mguu mbele pale unapojikwaa. Ndiyo maana unaweza kukuta mzee mwenye nguvu za kubeba ndoo iliyojaa akaangushwa na ukingo wa zulia: nguvu anazo, lakini zinachelewa kufika.

Sehemu hizo tatu hufidiana. Macho yakiwa dhaifu, nyayo zinasaidia. Nyayo zikiwa na ganzi, macho yanabeba mzigo. Kwa hiyo mtu anaweza kwenda miaka mingi akiwa na upungufu asioujua, mpaka siku atakapoingia mahali panapomnyang'anya msaada uliobaki. Mfikirie mtu anayeoga akiwa amesimama. Amejipaka sabuni usoni, macho kayafumba. Kainamisha kichwa ili ajimwagie maji, kwa hiyo sikio la ndani linapata mtikisiko. Chini, sakafu ina maji na povu, nyayo hazishiki. Kwa sekunde tano hivi hana jicho, hana nyayo, na sikio limevurugika, yote kwa wakati mmoja. Ukilielewa hilo umeelewa karibu mwongozo wote. Katika kila shughuli jiulize: hapa nimeondolewa msaada gani, na niuweke gani badala yake?

Jipime ujue ulipo

Usijipime ukiwa peke yako. Mtu asimame karibu, awe tayari kukudaka, na mbele yako kuwe na meza nzito au kitu kingine kisichosogea. Vaa viatu vyako vya kawaida.

Anza na kusimama. Weka miguu sambamba, ikigusana, sekunde 10. Kisha sogeza mguu mmoja mbele kidogo ili ubavu wake uguse kidole gumba cha mwingine, sekunde 10. Kisha weka kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine, kwenye mstari mmoja, sekunde 10. Mwisho simama kwa mguu mmoja, sekunde 10. Ukishindwa hatua yoyote, ishia hapo. Kushindwa kumaliza sekunde 10 katika mkao wa tatu ni dalili kuwa uko katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka. Huo wa mwisho nao usiudharau: utafiti wa Brazil uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia watu 1,702 wa miaka 51 hadi 75, ulikuta mtu mmoja katika kila watano hakuweza kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10, na kundi hilo lilikuwa na vifo vingi zaidi katika miaka iliyofuata. Mguu mmoja wenyewe hauui mtu. Unaonyesha hali ya mwili mzima.

Kisha kaa kwenye kiti cha kawaida kisicho na magurudumu, kiegemezwe ukutani. Vuka mikono kifuani. Hesabu ni mara ngapi unaweza kusimama wima kabisa na kukaa tena ndani ya sekunde 30. Mwanamume wa miaka 65 hadi 69 akipata chini ya 12, au mwanamke wa umri huo chini ya 11, miguu inahitaji kazi. Kwa wa miaka 80 hadi 84 viwango ni 10 na 9.

Kipimo cha tatu ni kuinuka kitini, kutembea mita 3 kwa mwendo wako wa kila siku, kugeuka, kurudi na kukaa. Ukitumia sekunde 12 au zaidi, hapo pia kuna tahadhari. Anayekuangalia asitazame saa peke yake. Atazame unavyogeuka: je, unayumba, unachukua vihatua vingi, mkono unatafuta pa kushika? Kwa maoni yangu hapo ndipo panapofichua mengi.

Andika matokeo na tarehe. Utayahitaji baadaye.

Kuinuka kitini na kitandani

Hii ndiyo shughuli ya kuanza nayo, kwa kuwa nyingine zote hutanguliwa nayo, na kwa kuwa wengi huifanya vibaya. Mwangalie mzee anayehangaika kuinuka. Amekaa nyuma kabisa ya kiti, miguu imenyooka mbele, anavuta mikono ya kiti na kujirusha juu. Anafika nusu, anarudi chini kwa kishindo. Anajirusha tena. Mara ya tatu anasimama, lakini uzito wake uko kwenye visigino, na anapiga hatua mbili za kinyumenyume kabla ya kutulia. Nguvu anayo ya kutosha. Kinachomshinda ni mahali alipoweka miguu.

Fanya hivi. Sogea mpaka ukingo wa kiti. Vuta miguu nyuma mpaka vifundo viwe nyuma kidogo ya magoti, na uitenganishe kwa upana wa nyonga. Inamisha kifua mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu. Sasa sukuma ardhi kwa nyayo na unyanyuke, ukiinua kichwa na kifua mwishoni. Kama unatumia mikono, isukume kwenye kiti kwenda chini, usimvute mtu wala meza. Ukishasimama usiondoke. Hesabu mpaka tano.

Hesabu hiyo ina sababu yake. Mtu anaposimama damu huteremka miguuni, na mishipa inatakiwa ibane haraka ili ubongo usikose damu. Uzeeni mishipa huchelewa, na dawa za presha zinaweza kuichelewesha zaidi. Presha ikishuka kwa 20 namba ya juu, au kwa 10 namba ya chini, ndani ya dakika 3 tangu kusimama, daktari anapaswa kujua. Wewe utaihisi kama giza machoni, kichwa chepesi au magoti kulegea.

Kitandani hatari ni kubwa zaidi kwa sababu umelala saa nyingi. Geukia ubavu, teremsha miguu nje ya kitanda, jisukume kwa kiwiko na mkono mpaka ukae. Ukiwa umekaa, nyanyua na kushusha visigino na vidole vya miguu mara kumi au zaidi ili misuli ya chini isukume damu juu. Subiri kidogo, kisha ndipo usimame.

Kukaa nako kuna utaratibu. Usianze kukaa mpaka uhisi kiti kimegusa nyuma ya miguu yote miwili. Peleka makalio nyuma, shuka polepole huku mapaja yakifanya kazi. Anayejibwaga kitini anaikosesha misuli yake zoezi ambalo angelipata bure mara nyingi kwa siku.

Bafuni na wakati wa kuvaa

Kama usawa wako umeyumba, oga ukiwa umekaa. Sijui ni kwa nini watu wengi huona aibu katika hili, kwa kuwa stuli imara yenye miguu ya mpira inakurudishia msaada wote ulioondolewa na sabuni na maji. Weka mkeka wa mpira usioteleza pale unapokanyaga ukitoka. Ukutani kifungwe chuma cha kujishikia, kikazwe kwenye ukuta wenyewe kwa skrubu. Chuma cha kutundikia taulo hakikutengenezwa kubeba uzito wa mtu na kitang'oka siku utakayokihitaji. Jikaushe miguu na katikati ya vidole ukiwa bado umekaa.

Nguo za chini vaa ukiwa umekaa: suruali, chupi, soksi, viatu. Kama mguu mmoja ni dhaifu au unauma, huo ndio utangulie kuingia kwenye nguo, na uwe wa mwisho kutoka. Kofia, shati na blauzi ya kuvalia kichwani vinaziba macho kwa muda, kwa hiyo navyo vaa ukiwa umekaa au ukiwa umeegemeza paja kwenye kitanda.

Kutembea, kugeuka na kuzungumza

Mtu akitembea kawaida, vidole vya mguu unaopita mbele huiacha sakafu kwa sentimita 1 au 2 tu. Kwa mtu mzima anayeburuta miguu nafasi hiyo inakuwa ndogo zaidi. Waya uliolazwa sakafuni, zulia lililojikunja pembeni, au kizingiti cha mlango kinatosha kumwangusha. Pita nyumba nzima ukitazama chini. Ondoa zulia dogo, au libandike kingo zote. Waya zipite ukutani.

Ukitembea, tua kwa kisigino kwanza, acha mikono ibembee, na tazama hatua kadhaa mbele yako. Anayetembea akitazama vidole vyake mgongo unapinda na uzito unakwenda mbele, halafu hakioni kinachokuja.

Kugeuka ndiko kunakoangusha wengi jikoni. Mtu anasimama mbele ya meza, anataka kitu kilicho nyuma yake, anazungusha kiwiliwili huku nyayo zimebaki palepale. Miguu inajifunga. Geuka kwa miguu: nyanyua mmoja, uelekeze unakokwenda, kisha mwingine, hatua ndogo tatu au nne mpaka kifua na nyayo vitazame upande mmoja.

Na mazungumzo? Watafiti wa Sweden waliandika mwaka 1997 kuwa wazee waliosimama kila walipoanza kuongea wakiwa wanatembea ndio walioanguka zaidi katika miezi iliyofuata. Kutembea ambako zamani kulijiendea sasa kunataka akili iwepo, na akili haitoshi kwa kazi mbili. Kwa hiyo ukiwa unavuka barabara, ukishuka ngazi au ukipita penye maji, nyamaza kwanza. Simu ikiita, simama au kaa ndipo uipokee. Nanyi vijana, msimuulize mzee swali akiwa katikati ya ngazi. Anaweza kuwajibu kwa heshima zote, na jibu hilo likamgharimu nyonga.

Mkisindikizana, usimshike kwapani wala usimvute mkono. Mpe mkono wako uliokunjwa kiwiko, yeye ndiye ashike. Akiwa ameshika yeye anaweza kuongeza au kupunguza nguvu kadiri anavyohitaji, lakini akishikwa anaongozwa na mtu asiyehisi miguu yake.

Fimbo ishikwe mkono ulio kinyume na mguu dhaifu, jambo ambalo wengi hulifanya kinyumenyume. Urefu wake sahihi: simama umevaa viatu, mikono imening'inia, na kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kiganja na mkono. Mpira wa chini ukilika, badilisha mara moja.

Viatu viwe vinavyofunika kisigino na kufunga vizuri, soli nyembamba na ngumu kiasi isiyoteleza. Ndala zinamlazimisha mtu abane vidole na kuburuta mguu. Soksi bila viatu kwenye sakafu laini ni mtego.

Ngazi

Kushuka ni hatari kuliko kupanda, kwa kuwa unautupa uzito mbele kwenye mahali usipopaona vizuri, na goti la nyuma linabeba mwili mzima likiwa limekunjwa. Shika reli kila mara, hata kama unahisi huihitaji. Weka mkono mbele kidogo ya mwili ili uwe unausogelea. Kanyaga kipandio kwa mguu mzima. Kama mguu mmoja ni dhaifu, wa nguvu hutangulia kupanda, na dhaifu hutangulia kushuka.

Miwani ya kusomea na kuonea mbali kwa pamoja ni tatizo hapa. Sehemu yake ya chini imetengenezwa kwa kusoma, kwa hiyo ukitazama kipandio kupitia hapo unaona ukungu. Inamisha kidevu ili utazame kupitia sehemu ya juu, au uwe na miwani nyingine ya kutembelea tu. Ukingo wa kila kipandio ubandikwe utepe wa rangi inayotofautiana na sakafu, hasa wa kwanza na wa mwisho. Watu wengi huanguka kwenye kile cha mwisho, wakidhani wameshafika chini. Mkono mmoja ubaki mtupu siku zote. Mzigo usiobebeka kwa mkono mmoja upandishwe mara mbili au ubebwe na mwingine.

Kuinama, kufikia juu, kubeba

Hapa sina mengi. Vitu vya kila siku viwekwe kati ya usawa wa nyonga na usawa wa mabega, ili usipande kiti wala kuinama sana. Ukiokota kitu chini, shika meza kwa mkono mmoja, tanguliza mguu mmoja, kunja magoti, na ukirudi juu usiinue kichwa kwa haraka. Mzigo ugawe mikono miwili iwe sawa, uukaribishe mwilini.

Usiku

Mtu anatoka usingizini, presha iko chini, macho hayajazoea giza, miguu haina viatu, na haja inambana. Safari ya chooni saa tisa za usiku ina kila kitu cha kumwangusha. Taa ndogo ibaki inawaka njiani, ya mwanga hafifu. Taa ya kuwashia iwe mahali mkono unapoifikia ukiwa umelala. Viatu vikae upande unaoshukia, miwani nayo karibu. Njia yote iwe wazi, bila stuli wala viatu vya mtu mwingine. Kama unaamka mara kwa mara, punguza vinywaji saa chache kabla ya kulala bila kujinyima maji mchana, na mwulize daktari kama dawa yako ya kukojoza inaweza kumezwa asubuhi. Kama safari zenyewe ni ndefu au unachelewa kufika, chombo cha kujisaidia karibu na kitanda hakipunguzi heshima ya mtu.

Mazoezi yanayorudisha kilichopotea

Kubadilisha nyumba kunazuia baadhi ya ajali. Mazoezi yanambadilisha mtu mwenyewe. Mapitio ya tafiti 108 yaliyochapishwa mwaka 2019, yenye washiriki zaidi ya 23,000, yalionyesha kuwa mazoezi hupunguza kuanguka kwa asilimia 23 hivi, na yaliyofaa ni yale ya usawa na ya kuiga shughuli za kila siku. Shirika la Afya Duniani linashauri waliofikisha miaka 65 wafanye mazoezi ya usawa na nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki. Kutembea ni kuzuri kwa moyo, lakini kutembea pekee hakutoshi kurudisha usawa.

Simama mbele ya meza nzito, kiti kiwe nyuma yako. Anza kwa kushika kwa mikono miwili, wiki zikienda shika kwa mkono mmoja, kisha kwa vidole viwili, kisha mikono ielee juu ya meza bila kuigusa. Kwa mtindo huo fanya yafuatayo: nyanyua visigino mara 10 na ushuke taratibu, nyanyua vidole ukisimama kwa visigino mara 10, peleka mguu pembeni ukiwa umenyooka mara 10 kila upande, simama kisigino mbele ya vidole sekunde 10 hadi 30, tembea upande upande kuizunguka meza. Malizia kwa kukaa na kusimama mara 5 hadi 10, ukishuka polepole na kunyanyuka haraka. Haraka hiyo ya kunyanyuka ndiyo inayoamsha misuli inayochelewa.

Zoezi la usawa lisilokutikisa kidogo halikufundishi kitu. Inatakiwa uyumbe, ila uwe umezungukwa na vya kushika. Mtu anayefanya mkao uleule rahisi mwaka mzima anapoteza muda wake, na hili hulisema kwa uchungu kwa sababu huwa amejitahidi kweli. Kikundi cha tai chi, mazoezi ya Kichina ya mienendo ya polepole, kama kipo karibu, ni njia nzuri sana kwa wanaopenda kufanya na wenzao.

Jifunze kushuka sakafuni na kuinuka

Hofu kubwa ya wengi ni kuanguka na kubaki hapo. Kulala sakafuni kwa zaidi ya saa moja kuna madhara yake yenyewe: ngozi inachubuka, misuli inaharibika, mwili unakauka maji. Kwa hiyo jifunze kuinuka kabla hujaanguka, siku ambayo una nguvu, mtu yupo, na sakafu ina godoro au blanketi nene. Mwenye nyonga ya kubadilishwa, mifupa dhaifu sana au maumivu makali ya magoti aongozwe kwanza na mtaalamu wa fiziotherapia.

1. Ukiwa umelala chali, tulia. Pumua. Sogeza vidole, kisha mikono, kisha miguu. Kama umeanguka kweli na nyonga inauma sana, au mguu mmoja unaonekana mfupi au umegeukia nje, usijaribu kuinuka. Ita msaada.
2. Kunja goti moja, peleka mkono wa upande huo ng'ambo ya mwili, na ugeukie ubavu.
3. Jisukume kwa kiwiko na kiganja mpaka ukae kwa nyonga moja.
4. Egemea mikono yote miwili na uingie kwenye magoti, kama mtoto anayetambaa. Pumzika hapo kama kichwa kinazunguka.
5. Tambaa mpaka kwenye kiti kizito au kitanda. Weka mikono yote miwili juu ya kikalio.
6. Leta mguu wenye nguvu mbele, unyayo wote sakafuni, goti moja likibaki chini.
7. Sukuma kwa mikono na mguu huo kwa pamoja, nyanyuka, geuka taratibu na ukae. Usisimame mara moja. Kaa dakika kadhaa.

Ukiona yote saba ni mengi, yajifunze kutoka mwisho. Anza ukiwa umekaa kitini: shuka kwenye goti moja na urudi. Ukilizoea hilo, shuka kwenye magoti mawili. Wiki nyingine shuka mpaka nyonga. Kila siku unashuka kidogo zaidi, na kila siku njia ya kurudi unaijua tayari.

Ukianguka ukashindwa kuinuka, gonga ukuta au sakafu kwa kitu chochote, jivute hadi mahali pasipo na baridi, jifunike kwa kilicho karibu, na badilisha ubavu mara kwa mara. Simu ikae mfukoni au shingoni ndani ya nyumba pia, kwa kuwa humo ndimo wengi huangukia.

Mpeleke daktari habari kamili

Wengi wanaoanguka hawamwambii daktari. Wanaona haya, au wanaogopa watoto wataambiwa wamhamishe mzee. Sema. Aliyeanguka mara moja yuko karibu mara mbili zaidi katika hatari ya kuanguka tena, na mara nyingi kuna sababu inayotibika.

Beba dawa zote kwenye mfuko mmoja, za hospitali, za dukani na za asili. Dawa za usingizi, za wasiwasi, za huzuni, za presha, za kukojoza na baadhi ya za mafua na mzio huchangia kuyumba, na zikikutana nne au tano athari huongezeka. Usiache dawa yoyote mwenyewe. Omba zipitiwe moja moja. Omba pia presha ipimwe ukiwa umelala, kisha ukiwa umesimama. Kama chumba kinazunguka unapojigeuza kitandani, na hali hiyo inapita chini ya dakika moja, taja hilo waziwazi: huenda zile chembe za chokaa za sikio la ndani zimehama mahali pake, na kuna mienendo ya kichwa anayoweza kuifanya mtaalamu akazirudisha siku hiyohiyo. Macho yapimwe kila mwaka, na mtoto wa jicho asiachwe akue. Nyayo zikaguliwe, hasa kwa mwenye kisukari.

Mabadiliko ya ghafla hayangoji miadi. Kuyumba kulikoanza leo, kukiambatana na mdomo kupinda, mkono kukosa nguvu, maneno kuvurugika au kuona viwiliviwili, ni hospitali saa hiyohiyo. Aliyejigonga kichwa akiwa anatumia dawa za kuifanya damu iwe nyepesi naye aende hata kama anajisikia mzima. Karatasi ya vipimo ulivyojipima nyumbani, yenye tarehe zake, mpe daktari mwanzoni kabisa mwa mazungumzo, pamoja na orodha ya shughuli ulizoacha kuzifanya mwaka huu na sababu ya kuziacha.